Nilimshitaki mdogo wangu kwa mzee wa kanisa

Nyuma ya daftari la hesabu za duka langu pale Kimara kuna ukurasa ambao mke wangu ameukunja pembe. Humo niliandika gharama za kupatana na mdogo wangu: nauli ya Moshi kwenda na kurudi mara mbili, mafuta ya gari la mchungaji, sukari kilo mbili, blanketi la shangazi. Mimi ni mtu wa kuandika, kila senti ina mstari wake. Na ni kuandika huko huko kulikotufikisha tulikofika.

Nasimulia kwa sababu mwaka huu peke yake watu watatu wa jumuiya yetu wamenivuta pembeni baada ya ibada, wakitaka kujua nilifanyaje. Kila mmoja ana mtu wake wa karibu asiyepatana naye. Wawili kati yao ni wazee wa kanisa. Sikuwa na somo la kuwapa, nilikuwa na makosa tu, na mengine niliyafanya Biblia ikiwa kwapani.

Sisi ni watoto wa Machame, wanaume watatu na dada mmoja. Anayejua mila za Wachagga atanielewa upesi: kihamba cha nyumbani, yaani shamba la ukoo pale alipokaa baba, hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Wa kwanza hukatiwa chake. Wa katikati huambiwa, kwa upole, akatafute maisha. Mimi ndiye wa katikati. Baba alipofariki mwaka 2007 ukoo ulikaa ukasema hivyo hivyo, nami sikuona ubaya. Tayari nilikuwa Dar es Salaam nauza misumari, mabati na saruji. Leo ndiyo nakiri kwamba kuna kitu kilinikwama kooni siku ile. Mtoto wa katikati hujifunza kuhesabu mapema.

Mwaka 2010 niliokoka. Nalisema kwa shukrani, wala sitanii: niliacha pombe, nikaachana na mambo ya pembeni, duka likapata mtaji. Ila wokovu wangu wa miaka ile ulikuwa panga lenye makali upande wa watu wengine tu. Nilikuwa mwepesi wa kujua nani yuko ndani na nani yuko nje. Desemba ile nilipopanda nyumbani, baba mdogo akanipa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kama ilivyo desturi, nikairudisha mbele za watu nikisema sishiriki vitu vya giza. Hakuna aliyenilazimisha kunywa. Wapo walokole chungu nzima Uchaggani wanaoipokea kata kwa heshima, wakampitishia aliye jirani, maisha yakaendelea. Mimi nilitoa hotuba. Baba mdogo, aliyenibeba mgongoni utotoni, aliipokea ile kata akainywa mwenyewe bila kunitazama.

Mwaka 2012 Mama alianza kulalamikia paa la nyumba ya zamani, linavuja upande wa jikoni. Nikaamua kumjengea. Mdogo wangu yuko pale pale kihambani, kwa hiyo yeye akawa msimamizi. Kwa mwaka mmoja na nusu nilimtumia kwa simu, kidogo kidogo, jumla shilingi 11,400,000. Risiti hakuna. Karatasi hakuna. Wala hatukuzungumza kama analipwa kwa usimamizi au anajitolea. Mimi huyo, muuza vifaa vya ujenzi, nisiyetoa hata toroli moja la mchanga bila kuandikiana! Kama kuna la kuchukua kwangu, anza na hilo. Awe ndugu wa damu, awe ndugu katika Kristo, andikianeni. Watu wa kanisani huona karatasi kama tusi, “kwani huniamini?” Karatasi ni ya siku kumbukumbu zenu zitakapopishana, na zitapishana. Ningemlipa laki moja kwa mwezi ya kusimamia mafundi, nadhani leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Desemba 2013 nikakuta nyumba imeishia kwenye linta. Mabati niliyokwisha kuyalipia hayaonekani.

Tarehe 26 ukoo ulikuwa umekusanyika uani. Nikatoa daftari nikaanza kusoma: tarehe, kiasi, tarehe, kiasi. Walikuwapo baba wadogo, shangazi, mashemeji, na alikuwapo pia baba wa yule dada anayeishi na mdogo wangu, mzee wa watu aliyekuja na mkungu wake wa ndizi kusalimia sikukuu. Nilipomaliza nikafunga daftari, nikataja amri ya saba, “Usiibe”, ya saba kwa hesabu yetu Walutheri. Mdogo wangu alisema neno moja tu, “Kaka,” akatoka. Mwenzake akambeba mtoto akamfuata. Yule mzee akabaki ameketi, kofia yake mapajani, anaizungusha ukingo kwa vidole.

Baadaye sana ndipo nilipojua pesa zilikokwenda, na hata hapo si zote. Nyingine zilimlipia Mama upasuaji wa mtoto wa jicho, naye Mama akakataza nisiambiwe nisije nikapata wasiwasi. Nyingine zilinunua ng'ombe, na maziwa yake aliyanywa Mama. Na nyingine, tusidanganyane, zilinyweka kilabuni. Hesabu kamili haipo wala haitakuwapo.

Kama ningeishia hapo, ungekuwa ugomvi wa pesa kama ugomvi mwingine wa Desemba. Lakini Januari 2014, siku mbili kabla ya kurudi Dar, nilikwenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu.

Mdogo wangu na mwenzake walikuwa na watoto wawili na hawajafunga ndoa kanisani. Kila mtu alijua. Ni jambo la kawaida, mahari haijaisha, sherehe haina pesa, miaka inakwenda. Kwa utaratibu wa sharika nyingi za kwetu mtu wa namna hiyo hashiriki Meza ya Bwana wala hashiki huduma mpaka atengeneze. Ila kwake watu walikuwa wamefumba macho, kwa sababu aliimba besi, na besi yake ndiyo iliyokuwa nguzo ya kwaya. Basi mimi nikaketi sebuleni kwa yule mzee, nikanywa chai yake, nikamwambia nina mzigo juu ya roho ya mdogo wangu. Ndilo neno nililotumia, mzigo. Nikaomba tupige magoti tumwombee, tukapiga. Nilikuwa nimefumba macho, na moyoni nilijisikia raha, ile raha ya aliyemkamata mwenzake pabaya.

Pasaka nikapanda tena. Kwaya iliposimama kulikuwa na pengo katika mstari wa nyuma wa wanaume. Wimbo ukaanza, sauti za juu zipo, chini hamna kitu. Yeye alikuwa benchi la mwisho karibu na mlango, na watu walipoitwa mezani akanyanyuka akatoka nje. Mimi nikaenda mbele, nikapiga magoti, nikapokea.

Ikawa miaka sita. Watu hudhani uadui wa ndugu ni kelele, kumbe wetu ulikuwa ratiba. Mimi nikifika Desemba, yeye ana shughuli Boma Ng'ombe. Nikienda kumsalimia Mama asubuhi, yeye yuko mfongoni, kwenye mfereji wa shamba, anazibua maji. Mama akageuka tarishi: “Mwambie mwenzako migomba ya chini imeanguka.” Wanangu waliuliza majina ya watoto wa baba yao mdogo, na jina la wa tatu mimi mwenyewe nilikuwa silijui, alizaliwa tukiwa hatusemezani. Na muda wote huo nilikuwa kiongozi wa maombi. Vijana nilikuwa nawafundisha habari za ndoa! Ungeniuliza kama nimemsamehe mdogo wangu ningekujibu, tena machozi yakinilengalenga, kwamba nilishamwachilia zamani. Nami nilikuwa naamini hivyo. Kumsamehe mtu asiyekuwapo ni kazi nyepesi, kwa kuwa hayupo wa kukuambia upande wake.

Jirani yangu wa duka, mzee Mwislamu wa Tanga anayenitumia sinia la pilau kila Idi, ndiye pekee aliyeniuliza kila niliporudi kutoka Moshi: “Na yule mdogo wako, hajambo?” Najibu hajambo. Wenzangu wa maombi hawakuuliza. Kwao nilikuwa mtu anayeteswa na ndugu zake kwa ajili ya imani, nami niliwaacha waamini hivyo.

Halafu Alhamisi moja ya 2019 ibada ya jumuiya ikawa kwangu. Somo lilitoka Mathayo 5, yale ya kuiacha sadaka madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako, na mimi ndiye niliyekuwa niongoze. Nilijiandaa vya kutosha kuzungumzia kuwasamehe waliotukosea. Aliyesoma ni bibi mmoja mjane, muuza mchicha, anasoma taratibu kidole kikifuata mstari: “...na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako...” Akasimama. Akarudia. Kisha akaniuliza, bila ujanja wowote, alitaka kujua tu: “Hapa mwalimu, mwenye neno ni nani? Ni mimi au ni yule?”

Mstari ule nilikuwa nimeusoma maisha yangu yote kichwa chini miguu juu. Siku zote niliusikia ukisema: ukikumbuka kwamba una neno juu ya ndugu yako. Haukusema hivyo. Haukuuliza nani alianza, wala nani anadai zaidi. Umeuliza kama yuko mtu huko nje ambaye likitajwa jina lako uso wake unabadilika. Nikamjibu bibi, “Ni yule.” Akasema, “Ahaa,” akaendelea kusoma. Ibada ile sikuimaliza vizuri.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu tena, safari hii kwa nia njema.

Kosa la kwanza, pesa. Nilimtumia laki tano kwa simu, na ujumbe mrefu wenye mistari mitatu ya Biblia. Kesho yake laki tano ikarudi kamili, haikupungua hata mia, maana makato alikatwa yeye. Hakuandika kitu. Nilikasirika, nikamwambia mke wangu umeona kiburi? Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba mtu uliyemwita mwizi mbele ya mkwewe, ukimtumia pesa, unamwambia tena kwamba shida yake ni pesa. Na ile mistari! Usimtumie mtu uliyemkosea andiko. Hata likiwa tamu namna gani, likitoka kwako linamfikia kama mahubiri.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Desemba 2019 nilikwenda na mchungaji na wazee wawili wa kanisa. Nilijiona natimiza Mathayo 18, lile la kuchukua mmoja au wawili pamoja nawe, nikasahau kwamba kabla ya hapo imeandikwa uende ninyi wawili peke yenu; tena sura ile inamsema aliyekosewa, siyo mkosaji. Mmoja wa wazee hao alikuwa ni yule yule niliyempelekea umbea 2014. Mdogo wangu alitupokea vizuri, mwenzake akaleta chai na maandazi. Mchungaji akaongea. Mdogo wangu akaitikia kila kitu: ndiyo mchungaji, nimesamehe mchungaji. Tukashikana mikono, tukaombewa, mtu akapiga picha. Kesho yake asubuhi nilikutana naye kwenye njia ya mfongoni, akaingia migombani akapitia huko.

Ningekuwa yeye ningefanya nini? Watu wanne wamejaa sebuleni kwako, mmoja ana kola ya uchungaji. Huwezi kusema hapana. Na hapana ambayo mtu hakupewa nafasi ya kuisema hukaa ndani. Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza wasiende siku ya msiba, wala siku ya Krismasi nyumba imejaa wageni. Mwenye nyumba atatabasamu kwa sababu hana njia. Nendeni siku ya kazi, peke yenu. Wasuluhishi wana mahali pao. Mgogoro ukiwa wa mpaka wa shamba, baraza la ardhi la kijiji lipo, kusuluhisha ndiyo kazi yake, na mchungaji si mpima ardhi. Wangu haukuwa wa mpaka.

Aliyenifungua macho ni mke wangu, tena akiwa anachambua mchele, hana habari kama anahubiri. Yeye ni Mhaya, na bibi yake alikuwa mtu wa uamsho, ule ulioanzia Rwanda miaka ya 1930, ukashika Uganda na kuingia Bukoba. Desturi yao waliiita kutembea nuruni: mtu anasimama katikati ya wenzake anataja dhambi yake kwa jina, halafu kesho anaonekana barabarani amebeba jembe alilomwibia jirani, anarudisha. Mke wangu akasema, “Wewe unang'ang'ania kumpa pesa. Kwani ulimwibia pesa? Mrudishie ulichomchukulia.”

Nilichomchukulia? Jina lake mbele ya ukoo, na nafasi yake katika mstari wa nyuma wa kwaya.

Julai 2020 nikapanda Moshi, si kwa sikukuu wala kwa msiba, majirani wakashangaa. Nilikaa siku sita. Nilianza kwa mzee wa kanisa. Nikamweleza kwamba ule mzigo wa 2014 ulikuwa kisasi. Akasema, “Lakini ulichosema kilikuwa kweli.” Nikamjibu ndiyo, kilikuwa kweli, na nilikiokota kama mtu anavyookota jiwe. Alikasirika, na haki yake. Nilikuwa nimemtumia, tena katika sala. Tuliachana bila kuombeana, na nafikiri ilikuwa heri.

Kisha baba wadogo, nyumba kwa nyumba, wote waliokuwapo ile tarehe 26. Kwa kila mmoja maneno ni yale yale: nilimwita mwizi mbele yenu bila kumuuliza pembeni kwanza, nimekuja kuliondoa lile neno. Kwa baba mdogo wa kata ya mbege, kata ikaja tena. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaisogeza mdomoni, nikamrudishia. Akacheka mpaka akakohoa: “Kumbe ile hotuba imeisha?”

Sikufanikiwa kote. Yule mzee wa kofia, nilipofika kwake nikaambiwa alifariki 2018. Nilimwomba radhi mjane wake. Akanisikiliza, akaniambia mumewe alilisema jambo lile mpaka mwisho, kwamba alikwenda kusalimia sikukuu akasomewa hesabu za wizi wa mkwewe. Hakunilaumu. Alinisindikiza mpaka njiani, akarudi. Hilo nimeliacha kwenye daftari bila kiasi.

Shangazi ndiye aliyenikatia isale. Kwa asiyejua, ni mmea wa majani marefu ambao kwetu huonyesha mpaka wa kihamba, na kwa Wachagga jani lake ni jani la radhi: aliyekukosea akikuletea isale, unatakiwa umsikilize na umwachilie. Zamani zangu za hotuba ningesema ni upagani, na kikundi changu cha maombi kiliposikia kilisema hivyo hasa, eti masale hupandwa na makaburini; wawili hawanisalimii vizuri mpaka leo. Mchungaji wa nyumbani, niliyedhani atanigombeza, akanisimulia habari za Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekuja Kilimanjaro 1902 na kufanya kazi huku mpaka 1938, ambaye alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika si takataka za kufagiwa Injili inapoingia, bali ndimo kanisa linamopaswa kujengwa. Waliompinga walikuwapo na wapo. Mimi sina ubishi na jani. Shida niliyoiona ni nyingine: jani ambalo halikataliwi lingemfungia mdogo wangu mlango kama ile chai ya watu wanne. Nikalitia mfukoni, nikaazimia nisilitoe.

Nilimkuta nyuma ya zizi anakatakata majani ya ng'ombe juu ya gogo, majani ya mahindi na vipande vya mgomba. Ilikuwa saa kumi hivi, jua limelala kwenye migomba. Nikamsalimia, akaitikia, panga halikusimama. Sikusema “kama nilikukosea”. Nadhani ile “kama” imewahi kuua mapatano mengi kuliko matusi. Nikataja moja moja. Nilisoma daftari mbele ya mkweo. Nilikuita mwizi kabla ya kukuuliza. Panga linaendelea, tap, tap. Nikasema, “Na mimi ndiye niliyekwenda kwa mzee wa kanisa.”

“Najua,” akasema. “Mama alikuona ukitoka kwake.”

Kwa hiyo walijua, wote wawili, miaka yote ile, na Mama alikuwa akinipikia kitawa kila Desemba. Nilitaka kueleza: kwamba na mimi niliumia, kwamba nyumba ilikuwa ya Mama, kwamba sikujua habari za macho. Nilifumba mdomo. Sijui nguvu ile niliitoa wapi, maana ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kuliko nauli na kuliko baba wadogo. Ukienda kuomba radhi, maumivu yako yaache nyumbani siku hiyo. Yatapata siku yake, au yasiipate.

Alikata fungu zima. Akaniangalia mfukoni. “Hilo jani la nini?”

“Kanipa shangazi.”

“Karudishe kwa shangazi.” Akafuta panga kwenye suruali. “Maji ya ndama yapo kwenye ile ndoo ya bluu.”

Nikamnywesha ndama. Ndiyo yote yaliyotokea. Sikusikia neno “nimekusamehe” na mpaka leo sijalisikia. Nilipanda basi na jani langu limenyauka, na mke wangu alipouliza imekuwaje nikamwambia nimenywesha ndama. Akasema basi vizuri.

Septemba ukaja ujumbe, wa kwanza katika miaka karibu saba: “Kaka bati geji 30 huko bei gani.” Nilimpigia. Tuliongea mabati dakika ishirini, hakuna tulichokijua zaidi ya mabati. Mwaka uliofuata tukaimaliza nyumba, safari hii kwa karatasi yenye sahihi zetu na ya Mama, na yeye akilipwa usimamizi kila mwezi. Mama mwenyewe hakai humo. Anasema vigae vinamtia baridi ya miguu. Amejaza mahindi chumba kimoja na kuku wametagia kingine, yeye analala kule kwa zamani ambako sasa paa limezibwa.

Msidhani tumerudi tulivyokuwa. Nilijitolea kulipia harusi yake ili arudi mezani na kwenye kwaya, akanikatalia. Nilikuwa naanza tena kumpanga. Mwaka 2022 walibariki ndoa siku ya kazi asubuhi, watu wachache, nami nikaja kuambiwa baada ya wiki. Nilikwazika sana. Nikameza. Amerudi kwenye besi, nimemsikia Krismasi mbili sasa. Watoto wetu wanatumiana picha za mpira. Sisi wakubwa bado tunaongea kupitia bei za vitu.

Dada mmoja kati ya wale watatu walionivuta pembeni, nilipomaliza kusimulia, aliniuliza kama basi na yeye arudi kwa mume anayempiga. Nilimwambia hapana, hadithi yangu si yake. Mimi ndiye niliyekuwa mkosaji, nikaenda. Anayepigwa hana madhabahu ya kuacha sadaka akimbilie ngumi. Kusamehe ni jambo la moyo wake na Mungu, kurudi chini ya paa moja ni jambo jingine kabisa, na linahitaji mwenzake awe amebadilika kwa macho ya watu, siyo kwa machozi. Nilimpeleka kwa mama mchungaji na kwenye dawati la jinsia la polisi. Nalitaja kwa sababu nimewasikia wahubiri wakiuchanganya mstari ule ule wa Mathayo na mambo haya, na watu wanaumia.

Limebaki jambo la deni. Mwaka jana mdogo wangu alikaa akapiga hesabu yake mwenyewe, akaniambia anachokumbuka kuwa alikila bila sababu ni milioni moja na laki sita, na atalipa. Nikamwambia kwa haraka, kwa upendo kabisa, kwamba ile imekwisha, asijisumbue. Akanyamaza, simu ikawa baridi. Mke wangu alinisikia kutoka jikoni. “Mwache alipe,” akasema. “Wewe ukirudisha ni toba, yeye akirudisha ni usumbufu?”

Kwa hiyo analipa. Hana mpangilio: elfu ishirini akiuza maziwa, miezi miwili kimya, elfu hamsini ndizi zikipata gari. Nimempa ukurasa wake kwenye daftari, ukurasa unaotazamana na ule uliokunjwa pembe. Wiki iliyopita iliingia elfu thelathini. Zamani ningemwandikia baraka na andiko. Nilimjibu, “Imefika, mdogo wangu,” nikaandika tarehe.